Matairi ya nyuma kwa gari zito la dragi: anza na ubavu, upana baadaye

Vijana wanaoandaa Toyota Crown, Mark X au Chaser kwa mbio za dragi, zile fupi za mstari mnyoofu, wakinifuata, swali huwa moja: nyuma niweke tairi la upana gani, milimita 245 au 265? Nami huwauliza: gari lako lina kilo ngapi, na ubavu wa hilo tairi una urefu gani? Natumia Crown ya injini ya lita 3, gia otomatiki, hapa Arusha, na kuhangaika nalo kumenifundisha kwamba gari zito linashika lami kwa ubavu wa tairi na ulaini wa mpira. Upana unafuata baada ya hapo.

Tuanze na uzito. Crown ya aina hii pamoja na dereva inafika kilo 1,650 bila shida. Tuseme nyuma inabeba asilimia 47, yaani kama kilo 775. Ukikanyaga mafuta, uzito unarudi nyuma. Kati ya gurudumu la mbele na la nyuma kuna mita 2.85. Kitovu cha uzito kikiwa sentimita 55 kutoka chini, na gari likichomoka kwa nusu ya nguvu ya mvutano wa dunia, kilo kama 160 zinahamia nyuma. Kila tairi la nyuma sasa limebeba karibu kilo 470. Tairi lenye namba ya mzigo 91 linaruhusiwa kilo 615, kwa hiyo utasema linatosha. Lakini kilo hizo ni kwa upepo kamili, na sisi kwenye dragi tunapunguza upepo. Ukipunguza, uwezo wa kubeba nao unashuka. Kwa hiyo kwa tairi la kawaida la barabarani kwenye gari zito natafuta 95, ambayo ni kilo 690, au zaidi ya hapo. Namba hiyo imeandikwa ubavuni, mara tu baada ya saizi, na ni wachache wanaoinama kuisoma.

Ubavu una kazi kubwa. Gari linapoondoka, rimu inazunguka kabla ya mpira unaogusa chini. Ubavu mrefu unajikunja kidogo, unameza lile pigo la kwanza, na sehemu inayokanyaga lami inarefuka. Ubavu mfupi unapeleka pigo lote chini kwa mkupuo mmoja, mshiko unakatika, tairi linazunguka bure. Na tairi la gari zito likishaanza kuzunguka bure, kulirudisha kunachukua muda, kwa sababu kuna kilo nyingi za kusukuma.

Chukua 225/45R18, yaani upana milimita 225, ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu inchi 18. Ubavu wake ni milimita 101. Ukishuka kwenye rimu ya inchi 17 na kuvaa 255/50R17, unapata milimita 127. Tofauti hiyo utaihisi mara ya kwanza tu unapoondoka. Ila kimo cha tairi kinapanda kutoka milimita 660 hadi 687, ongezeko la asilimia 4, na gia zote zinarefuka kwa kiasi hicho hicho, yaani msukumo wa kuondokea unapungua. Injini isiyo na tabo (turbo, pampu ya kuisukumia hewa) italalamika. Pima pia kama kalipa za breki zinapita ndani ya rimu ya 17, na kama tairi haligusi bodi springi zikilala. Marekani magari mazito ya dragi mengi yanavaa 275/60R15, ubavu wa milimita 165, lakini breki kubwa za sedani zetu mara nyingi hazikubali rimu ya inchi 15.

Kuhusu aina. Kuna radiali za dragi, ambazo nyuzi zake za ndani zinakwenda moja kwa moja kutoka ubavu hadi ubavu, na kuna sliki (matairi yasiyo na kashata) za baiasi, zile ambazo nyuzi zake za ndani zimepishana kimshazari. Mickey Thompson na Hoosier wanatengeneza zote mbili. Kwa gari zito la otomatiki mimi nachagua radiali bila kusita: inatulia mwendo ukiwa mkubwa, na otomatiki inaingiza nguvu taratibu kidogo. Gari la gia za mkono lenye klachi kali ni habari nyingine. Hapo baiasi inasamehe, kwa sababu hata ikiteleza kidogo inarudi kushika, wakati radiali ikishaachia imeachia. Usichanganye baiasi nyuma na radiali mbele halafu ukaingia nalo barabarani, gari litayumba. Na sliki kwenye mvua ya masika isitoke hata getini.

Wengi wetu tunaangukia matairi ya mtumba kutoka Japani, na sioni ubaya, mradi usome tarehe. Tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye namba ndefu inayoanza na DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nene kabisa na mpira umeshakauka. Bonyeza kwa ukucha. Usipoacha alama, liache hapo hapo dukani. Kama limeandikwa TREADWEAR, yaani kipimo cha mpira kudumu, namba ndogo kwa kawaida ni mpira laini zaidi. Tairi la 200 litakushikia kuliko la 400, ingawa litaisha mapema.

Mwinuko wetu nao una maneno yake. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na hewa ni nyepesi kwa asilimia kama 15 kuliko pwani. Injini isiyo na tabo inapoteza nguvu karibu kiasi hicho. Teremka Moshi, chini ya mita 1,000, gari lile lile linapata nguvu zaidi na tairi lililokuwa linashika Arusha linaanza kuteleza. Upepo upime pale pale unapokimbilia, tairi likiwa la baridi, na ukumbuke psi 1 (psi ni kipimo cha upepo kwenye geji) inapanda kwa kila nyuzi joto 5 au 6. Asubuhi ya mwezi wa saba Arusha mpira laini unakuwa mgumu. Upashe moto kabla ya kuondoka.

Kwa tairi la kawaida naanzia psi 30, nashuka mbili mbili, na kwa gari zito sipendi kupita chini ya 24. Radiali za dragi zinashuka hadi kati ya 16 na 20, kwa kufuata maelekezo ya kiwanda. Angalia alama ambayo tairi limeacha kwenye lami: nyeusi katikati tu, upepo umezidi, nyeusi pembeni tu, umepungua. Chora mstari wa chaki kutoka kwenye rimu hadi kwenye tairi. Mistari ikiachana baada ya kukimbia, tairi linazunguka juu ya rimu, ongeza upepo.

Na kabla hujatoa hata shilingi, kagua difu, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma. Difu ya kawaida itazungusha tairi moja, na pesa yote ya mpira mzuri itaishia upande mmoja.

Haya nayaandika kwa wanaokimbia mahali palipofungwa kwa kibali. Kule bypass, barabara ya mchepuko, usiku kuna bodaboda, kuna akina mama wanaovuka na mizigo. Hata kwenye uwanja uliofungwa, beba pampu na geji yako mwenyewe, ili ukimaliza ujaze upepo wa kawaida kabla ya kutoka kwenye lango.