Boti zingetosha, wote wangepona?
Ndugu, unauliza kama boti za kuokolea zingetosha, abiria wote wa Titanic wangepona? Siamini. Zilizokuwepo zingebeba watu 1,178, lakini waliookoka ni kama 700 tu. Nyingi zilishushwa zikiwa na nafasi. Halafu itazame meli nyingine ya abiria, Empress of Ireland, iliyozama Mei 1914, mto St. Lawrence kule Kanada. Hiyo boti zake zilitosha kila mtu. Usiku wa ukungu ikagongwa ubavuni na Storstad, meli ya Norwei iliyosheheni makaa ya mawe. Ikalala upande, boti za upande wa pili zikawa hazishushiki, maji yakaingia hata kwenye vidirisha vilivyoachwa wazi. Dakika 14, kwisha. Wakafa zaidi ya 1,000. Titanic angalau ilichukua saa mbili na nusu na zaidi kuzama.