Bi mkubwa na opresheni ya kupunguza tumbo
Dada wa Masasi unauliza bi mkubwa mwenye sukari akifanyiwa opresheni ya kupunguza tumbo atapona? Wanabakisha kifuko cha tumbo la chakula kama yai hivi wanakiunganisha na utumbo mdogo, kwa hiyo anashiba haraka, kilo zinashuka kweli, na sukari ya aina ya 2 kwa wengi inatulia hata dawa zinapunguzwa, ila inaweza kurudi. Shida sasa, mshono unaweza kuvuja, halafu vidonge vya vitamini B12, madini ya chuma na kalsiamu ni vya maisha sio mwezi mmoja. Chai ya vijiko vinne vya sukari asahau, atatoka jasho moyo uende mbio na kuharisha juu yake. Ming'oko, vile viazi vya porini, atakula lakini vipande viwili vitatu, atafune haswa. Mimi ningeanza kuuliza huku kwetu Mtwara nani atakuwa anampima damu kila mwaka.