Kopo la Ulanzi Halina Kosa

Juni imeingia, na hapa Uyole umande umeganda kwenye majani ya viazi mithili ya chumvi. Barua za mwezi huu ni nyingi, na karibu zote zinauliza jambo moja: nani kamwambukiza nani. Nimechagua 5. Aliyeuliza habari za mkanda wa jeshi anivumilie hadi toleo lijalo, swali lake linataka ukurasa wake lenyewe.

SWALI: Kamwene Mama Nesi, na shikamoo. Mimi ni fundi kwenye kiwanda cha mbao huku Mufindi, nina miaka 41. Mwezi Machi, msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, umepamba moto, shemeji yangu alipimwa akakutwa na TB. Sisi tulikuwa tunakunywa naye kopo moja, linazunguka. Tangu siku hiyo pale kilabuni kopo lake limefungwa waya mwekundu lisichanganyike na mengine, na mwenye kilabu analiosha kwa maji ya moto. Sasa shemeji haji tena, na mke wangu hanisemeshi, anasema nimeshiriki kumtenga kaka yake. Tulikosea? Mimi mwenyewe ni mzima, ila nina kikohozi kidogo cha vumbi la msumeno, kama wiki ya 4 sasa. (Fundi, Mufindi)

JIBU: Kamwene mwanangu, marahaba. Naanza na mstari wako wa mwisho, ule ulioutupia mkiani kana kwamba hauna uzito. Kikohozi cha wiki 4, kwa mtu aliyekaa kilabu kimoja na mgonjwa wa TB, usikiite cha vumbi mpaka makohozi yako yamepimwa. Kesho kabla ya zamu pitia kituo cha afya, waambie uliishi karibu na mgonjwa. Kupima ni bure na dawa ni bure. Hili likifanyika, tutazungumza habari za kopo.

Mdudu wa TB hapiti kwenye mate yaliyobaki ukingoni mwa kopo. Anapita kwenye pumzi. Mgonjwa akikohoa, akiimba, hata akicheka, hutoka vitone vidogo mno ambavyo hukauka na kuelea hewani kwa saa kadhaa. Mwenzake akivuta hewa ile, vinashuka hadi vyumba vya ndani kabisa vya mapafu, na huko ndiko mdudu anakotaka kufika. Ukimmeza kwa kopo anaishia tumboni, mahali pasipomfaa. Sahani, shuka na mkono wa salamu navyo havina kosa.

Basi nikuulize kuhusu hicho kilabu, ingawa nadhani nakijua. Kuta za udongo, mlango wa kuinamia, kidirisha kimoja kimezibwa kwa gunia kwa sababu ya baridi, moto katikati, watu 20 wamebanana kwenye mabenchi tangu saa 9 alasiri mpaka usiku, na wote wanaimba. Kama kuna mahali mlipoipata, ni hapo. Kopo mngelichemsha mwaka mzima lisingewasaidia kitu. Lile gunia mngeling'oa siku moja tu, mngekuwa mmefanya la maana.

Nayasema haya nikiwa na donda langu. Mwaka 1994 nilikuwa nesi wa wodi ya wanaume katika hospitali moja ya nyanda hizi, siitaji. Wodi ilikuwa na madirisha makubwa ya kizamani, yaliyowekwa makusudi hewa ipite. Kila ikifika Juni wagonjwa walilia baridi, nasi tukayafunga, na mwaka huo yakapigwa misumari kabisa baada ya vitasa kuibwa. Mimi nilijiona mwangalifu kweli kweli. Nilivaa glavu, vyombo vya wagonjwa wa TB nilivichemsha peke yake, na nilikuwa namgombeza kila ndugu aliyekunywa chai kwenye kikombe cha mgonjwa. Kufika Novemba nalowa jasho usiku, sketi ya sare inanizunguka kiunoni. Nilimeza dawa miezi 8, ndivyo ilivyokuwa wakati ule. Siku hizi TB ya kawaida ni miezi 6. Asubuhi ya kwanza nilipoona mkojo wangu una rangi ya chungwa nilipiga ukelele, mimi niliyekuwa nimewaambia wagonjwa wangapi sijui kwamba ni rangi ya dawa tu.

Kwa hiyo ndiyo, mlikosea, na mlikosea mara mbili. Alipokuwa anakohoa bila dawa, Januari na Februari, mlibanana naye. Alipoanza dawa mkamfunga waya. Mgonjwa anayemeza dawa zinazomfaa bila kuruka, ndani ya wiki chache uwezo wake wa kuambukiza unashuka sana, na shemeji yako tangu Machi ana miezi. Nenda kwake. Usibebe ulanzi, pombe na dawa za TB zote mzigo wake unabebwa na ini. Kama nyumbani kwake kuna watoto wa chini ya miaka 5, wapelekwe wakaangaliwe, ipo dawa ya kuwakinga. Nanyi wa benchi lile nendeni mkapimwe. Si kila aliyevuta mdudu ataugua: kati ya watu 100 walioambukizwa, wanaougua maishani mwao ni kama 5 hadi 10, waliobaki miili yao inamfungia ndani, analala. Mwenye VVU asiyetumia dawa hesabu yake ni nyingine kabisa, na kwa mikoa yetu ya Iringa, Njombe na Mbeya hilo si la kulipitia juu juu. Pimeni vyote viwili siku hiyo hiyo.

Wala sijasema kopo la kuzunguka ni zuri. Ile ndoo moja ya kusuuzia makopo, ambayo jioni maji yake yana rangi ya ugoro, inapitisha kuhara, homa ya matumbo na homa ya ini ya aina A. Huo ni ugomvi wangu mwingine na mwenye kilabu.

SWALI: Shikamoo Mama Nesi. Mwanangu ana mwaka 1 na nusu na mafua hayamwishi. Mama mkwe anasema ni kwa sababu namtoa nje bila soksi. Nimempa amoksilini mara 3 tangu Aprili, nanunua duka la dawa. Ni baridi au ni nini? (Mama wa mmoja, Njombe)

JIBU: Marahaba. Mvishe soksi, mama mkwe atafurahi, na mafua yatakuja vile vile. Yanaletwa na virusi, na virusi vya mafua vina aina zaidi ya 100. Mtoto akishajifunza kupambana na kimoja, kinabisha hodi kingine. Kwa umri wake, mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka ni jambo la kawaida.

Kuna visiwa vya Norwei karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, vinaitwa Svalbard. Karibu miaka 100 iliyopita wachimba makaa ya mawe walikuwa wakiishi huko, na bahari ikiganda meli hazifiki kwa miezi mingi. Watafiti wakahesabu wanaougua mafua. Katikati ya baridi ile, ambayo Njombe hamjaiota, mafua yalikuwa karibu yatoweke. Masika ya huko yalipofika na meli ya kwanza ikatia nanga, baada ya siku chache kijiji kizima kikawa kinapiga chafya. Baridi walikuwa nayo muda wote. Waliyemkosa ni mgeni wa kuwaletea virusi. Kwako wewe, meli ni basi la kutoka Makambako, na shule ya Jumapili.

Mama mkwe hajakosa kabisa, lakini. Virusi hivi hustawi zaidi penye nyuzi 33 kuliko 37, na pua iliyopoa ndiyo makao yake. Halafu kuna jambo lile lile nililomwambia fundi: saa 11 jioni Njombe nzima imefunga madirisha, watu 7 chumba kimoja, mmoja anakohoa. Fungua dirisha mchana jua likiwaka, nawa mikono kabla ya kumshika, na mwenye mafua asimbusu.

Amoksilini acha. Inaua bakteria, virusi haiwagusi, na kila ukimpa bila sababu bakteria walio mwilini mwake wanazidi kuizoea. Siku atakayoihitaji kwa nimonia isikute wameshaota sugu. Jifunze kuhesabu pumzi zake akiwa ametulia, dakika nzima, kwa saa. Akifika 40 au zaidi, au kifua kikibonyea chini ya mbavu akivuta pumzi, au akikataa kunyonya na kunywa, au akipata degedege, usisubiri kuche.

Na jiko la mkaa lisilale ndani nanyi. Hilo halina kirusi wala bakteria, ila linamaliza familia kwa usiku mmoja, na kila mwaka wakati wa kipupwe nalirudia.

SWALI: Naishi Makete. Kijana wa chuo kaniambia huku juu maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo tunachemsha bure, vijidudu havifi. Kweli? (Mzee wa Makete)

JIBU: Shikamoo baba. Kijana kasoma nusu ukurasa. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 maji huchemka karibu na nyuzi 93, na ukipanda kuelekea Kitulo zinapungua tena. Lakini vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na virusi vya homa ya ini vinakufa kabla ya hapo. Yaache yatokote dakika 3, yafunike, yapoe. Kinachopata taabu huko kwenu ni maharage, yanachelewa kuiva.

SWALI: Mama, mimi ni Msabato wa kuzaliwa, kitimoto sijawahi hata kuonja. Mwaka jana, nikiwa na miaka 29, nilianza kuanguka kifafa. Nikapigwa picha ya kichwa Mbeya, daktari akasema kwenye ubongo kuna malengelenge ya minyoo ya nguruwe. Ukoo wa mume wangu unasema basi nilikula kwa siri. Na nikianguka wananikimbia, wanaogopa povu. (Dada wa Vwawa)

JIBU: Mwanangu, wawekee ukurasa huu mezani. Hukula, na hata ungekula, nyama peke yake isingekupeleka moja kwa moja kwenye hayo malengelenge.

Mnyoo ni mmoja, anaitwa tegu, ila ana safari mbili. Aliyekula nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri, yenye malengelenge meupe ya ukubwa wa punje ya mahindi, anaota tegu tumboni. Mnyoo unafika mita kadhaa, na mwenyewe huenda asihisi chochote. Mayai yake yanatoka na choo. Akijisaidia kichakani, nguruwe anayezurura anakula kile choo, mayai yanageuka malengelenge kwenye nyama yake, na nyama inarudi kwenye sinia. Hiyo ni safari ya kwanza.

Ya pili ndiyo yako. Mayai yale yale yakibaki kwenye kucha za mtu asiyenawa baada ya choo, yakaingia kwenye kachumbari au kwenye maji ya mtungi, atakayeyameza ndiye atakayeugua, awe Msabato, Mwislamu au mtoto anayenyonya. Yanaanguliwa tumboni, vinavyotoka vinapenya hadi kwenye damu, vingine vinatua kwenye ubongo na kujijengea lengelenge. Maana yake, mwenye tegu ni mtu aliyekuandalia chakula au jirani wa chanzo chenu cha maji. Anaweza kuwa mmoja wa hao wanaokunyooshea kidole. Sitaji mtu. Naomba tu ukoo mzima wapeleke choo kipimwe, kila mmoja na kikopo chake, uone makelele yatakavyopungua.

Mbozi mnafuga sana, na nguruwe si adui. Afungiwe bandani, vyoo vijengwe na vitumike, nyama iive mpaka ndani kusiwe na wekundu.

Wewe endelea na dawa za kifafa kila siku, na usinunue dawa za minyoo dukani ukijitibu. Malengelenge yakifa yote kwa mkupuo, ubongo unaweza kuvimba. Kazi hiyo ni ya daktari, tena akikutazama. Povu ni mate. Kifafa hakiambukizi kwa mate, kwa mguso wala kwa upepo wa tumbo, hata kingekuwa na chanzo gani. Nimefunga vidonda vya moto vya mama aliyeangukia mafigani, watu wazima 6 wamesimama mlangoni wanaogopa kumshika. Akianguka mtu, mvute mbali na moto, mlaze ubavu, kijiko usimtie mdomoni.

SWALI: Mama, mwanangu wa miaka 7 kaumwa na mbwa mguuni, mbwa wa njia, hajulikani mwenyewe. Bibi yake kampaka majivu na mafuta ya taa. Tumwangalie kwanza? (Ujumbe wa simu, Tukuyu)

JIBU: Swali hili halikungoja toleo. Nilimpigia saa ile ile. Nilimwambia aoshe kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 akitazama saa, majivu na mafuta yote yatoke, kisha wapande gari waende kuchomwa chanjo siku hiyo hiyo. Virusi vya kichaa cha mbwa husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, mara nyingi kwa wiki au miezi, na chanjo inawahi. Dalili zikishaanza, mtoto akaogopa maji, hakuna dawa ya kumrudisha. Bibi alisema mbona kidonda ni kidogo. Nikaomba nizungumze naye, tukazungumza kwa Kinyakyusa, na wakapanda gari.

Jana mama kanitumia ujumbe: "Ndaga fijo (asante sana). Sindano ya tatu tayari, anacheza mpira." Mbwa alikutwa siku ya 4, amekufa chini ya migomba.