Mbwa anang'ata ukimtia dawa ya sikio

Pole sana dada, kumtia matone asubuhi na jioni mbwa anayeng'ata kila ukigusa sikio ni mateso kwenu wote wawili. Kwa vile uko Marekani muulize daktari wa mifugo kuhusu Claro, dawa ya sikio ambayo daktari anaiweka mwenyewe mara moja tu na inafanya kazi kama siku 30, au Osurnia ambayo ni dozi mbili zinazopishana wiki moja, zote zinaua bakteria na fangasi na kupunguza uvimbe. Ila kwanza apime uchafu wa sikio kwa darubini na ahakikishe ngoma ya sikio haijatoboka, hapo usikubali njia ya mkato kabisa, mbwa anaweza kuwa kiziwi. Maambukizi ya sikio yakirudi rudi, daktari aangalie aleji. Mbwa akianza kuyumba au kuinamisha kichwa upande mmoja mpeleke leo leo.