Kansa ya tumbo, halafu vidonge vya siku 14 tu?

SWALI: Shikamoo dokta. Baba yangu ana miaka 61, analima korosho huku Newala. Kiungulia chake amekituliza miaka mingi kwa magadi, anatembea nayo kwenye pindo la msuli. Juzi wamempitisha kamera ya tumbo, wakanyofoa kinyama. Majibu: limfoma ya MALT, na bakteria wa H. pylori wapo. Kapewa antibiotiki za siku 14 na omeprazo ya kupunguza asidi, basi. Baba wadogo wanasema tunafichwa, kansa haitibiwi kwa dawa za vidonda. Tuuze shamba tumpeleke Dar? – Binti wa Newala

JIBU: Marahaba mwanangu. Hamfichwi, na shamba msiuze.

Limfoma ni kansa ya limfosaiti, zile chembe nyeupe za ulinzi, ambazo kwa kawaida hazina makazi kwenye ukuta wa tumbo. Akiingia bakteria huyu, mwili huzituma. Naye hafi upesi: hutengeneza amonia inayopoza asidi pale alipo. Basi chembe hupiga kambi, zinazaliana miaka na miaka, mpaka moja inaharibika vinasaba na uzao wake unakuwa uvimbe. Wengi wenye bakteria hawafikii huko. Ila uvimbe huo mwanzoni hukua kwa kuchokozwa na bakteria; akifa, nao hunywea. Mwaka 1993 mtafiti Wotherspoon na wenzake waliandika habari za wagonjwa 6 waliotibiwa hivyo. Kwa 5, limfoma haikuonekana tena. Wapo ambao uvimbe hausikii dawa hizi, na hao ndio huhitaji mionzi, kama ile ya Ocean Road, hospitali ya kansa huko Dar.

Ninachokihofia mimi ni uraka, ile pombe ya mabibo. Kama kwenye antibiotiki zake kuna Flajili (metronidazo), asiuonje kabisa, hata msimu ukiwa umepamba moto. Na maumivu yakipoa siku ya tano atataka kuacha. Mkalie, amalize zote.

Wiki nne au zaidi baada ya dozi, apimwe choo kuona kama bakteria wamekwisha, akiwa amesimamisha omeprazo wiki mbili kabla. Kipimo cha damu hakifai hapo, huendelea kuonyesha maambukizi yaliyokwisha. Kamera atarudia kwa tarehe za daktari wake. Uvimbe waweza kuchukua miezi, hata kupita mwaka, kuisha. Akitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, mpelekeni hospitali usiku huohuo.