Gridi ya mashirika ya anga: nani anaingia kwa nani?

Umeuliza kama mashirika ya anga yakiunganisha kompyuta zao kwa gridi (mtandao wa kompyuta za vituo mbalimbali zinazofanya kazi kwa pamoja), kila mmoja anajiingilia tu kwa mwenzake. Hapana, si shamba la bibi. Kila kituo kinabaki na seva zake na masharti yake. Katikati inakaa programu inayokagua cheti chako cha kidijitali (kitambulisho chako cha mtandaoni), inaangalia wapi kuna nafasi, kisha inapeleka kazi huko.

Chukua G-POD, huduma ya gridi ya ESA (shirika la anga la Ulaya), iliyokuwa kwenye kituo chake cha ESRIN, mjini Frascati, Italia. Mtafiti alichagua eneo kwenye ramani, tarehe na aina ya uchakataji, akabonyeza, akasubiri matokeo. Picha za rada za Envisat (setilaiti ya ESA iliyorushwa 2002, ikanyamaza Aprili 2012) hazikuhamishwa kumfuata. Programu ndiyo iliyofuata picha zilipo. Utamu wote uko hapo, maana kusafirisha materabaiti ni mateso, ila programu ni nyepesi tu.

Mimi naona kompyuta ndizo rahisi. Kizungumkuti ni maelezo ya data: NASA ya Marekani ikiita kitu hivi na JAXA, shirika la anga la Japani, ikakiita vile, gridi inaduwaa. Viwango vya kupatanisha maelezo hayo hujadiliwa ndani ya CEOS, kamati ya setilaiti za kuangalia dunia iliyoanzishwa 1984.