Ile asilimia mbili ya Wahindi haifiki kwetu

Mnauliza kama ni kweli kampuni za India hutoa asilimia mbili ya faida kwa kazi za jamii kwa sababu falsafa yao ya kale inawaamuru, na kama sisi tulio huku India tunaweza kukiombea kikundi cha nyumbani. Fedha ipo na falsafa ipo. Ila kinachoitoa mfukoni ni kifungu cha 135 cha Sheria ya Makampuni ya 2013, na hicho hakivuki mpaka.

Kampuni inabanwa ikiwa mwaka uliotangulia ilikuwa na thamani halisi ya rupia krore 500, au mauzo ya krore 1,000, au faida halisi ya krore 5. Moja tu latosha. Krore ni laki mia. Laki ni hiyohiyo yetu, tumeichukua kwao. Tuseme faida ya miaka mitatu kabla ya kodi ilikuwa krore 40, 50 na 60. Wastani ni 50, asilimia mbili ni krore 1. Humo, gharama za uendeshaji zisizidi asilimia tano, yaani laki 5.

Hazihesabiwi: manufaa ya wafanyakazi peke yao, michango kwa vyama vya siasa, udhamini wa kutangaza bidhaa, na shughuli yoyote nje ya India, isipokuwa mafunzo ya wanamichezo wanaoiwakilisha. Kwa hiyo kisima cha Handeni hakimo, hata mwenye kampuni awe na kiwanda Dar. Akitaka atachimba, lakini kwa hela nyingine. Hata asasi ya hukuhuku India lazima iwe imejisajili serikalini kwa fomu CSR-1, ya wanaotekeleza miradi ya fedha hizi, na kwa kawaida iwe na miaka mitatu ya kazi inayoonekana.

Sasa hiyo falsafa. Wahenga wa India walimwekea mtu malengo manne: dharma (wajibu na uadilifu), artha, kama (raha na mapenzi) na moksha (ukombozi wa roho). Artha ni mali, wala si dhambi, mradi itafutwe ndani ya dharma. Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 17, inagawa utoaji mara tatu: sattvika, anayepewa anastahili na mtoaji hangoji kurudishiwa; rajasika, unatoa ukitazamia faida, au kwa kinyongo; tamasika, unatoa mahali na wakati usiofaa, tena kwa dharau. Kwa kipimo hicho, bango la kampuni lililo kubwa kuliko ubao wa darasa ni rajasika tupu.

Balaa ni Machi. Mwaka wa fedha hufungwa tarehe 31, na fedha isiyo na mradi unaoendelea ikibaki, ndani ya miezi sita iende kwenye mfuko wa serikali. Asiyetii hutozwa mara mbili ya deni au krore 1, ipi ndogo. Basi Februari anatafutwa yeyote mwenye karatasi safi: ukuta unapakwa rangi, paa linavuja vilevile.

Mkitaka kumwomba Mhindi, anzeni na wafanyabiashara na jumuiya zao hapo Dar na Mombasa. Asilimia mbili msiitaje. Andikeni mita za kisima, bei ya pampu, na nani atailinda.